Garaji iliyomharibu mamba muntu wangu uso

Msipeleke gari pale. Ni garaji moja ya Kenya, komini (mtaa mkubwa) ya hapa Lubumbashi, Kongo, inayopamba mabasi kwa picha. Nasema hivi ingawa sijaona Hiace iliyochorwa vizuri kama yangu.

Ubavu mzima wa kulia ni mamba muntu, yule nguva wetu, nusu mwanamke nusu samaki: ameketi kando ya maji, nyoka mkononi, saa kwenye kifundo cha mkono, chanuo kwenye nywele. Mchoraji aliweka magamba moja moja, kijani kwa chini, na ukingo mwembamba wa njano kila gamba upande wa jua. Halafu garaji ikapuliza verni juu yake, ile rangi angavu ya kung'arisha na kulinda picha, na kabla giza halijaingia uso ulikuwa umekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Kila mpulizaji rangi anaijua sababu. Picha ilichorwa kwa rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha. Rangi hiyo hukaukia juu kwanza. Kesho yake ukiigusa unadhani imeiva, kumbe ndani bado laini. Verni ya magari, ile inayochanganywa na kigumisho, ina diluani kali, yaani kiyeyusho cha rangi. Inapenya ngozi ya juu, rangi ya chini inavimba, inabanduka. Panapoumia zaidi ni pale rangi iliponenepa, na mchoraji mzuri hunenepesha macho na midomo. Ndiyo maana mkia umepona, uso umekwenda.

Kama rangi ni ya mafuta, ikae wiki kadhaa kabla ya verni ya namna hiyo, au msiipake kabisa. Afadhali kuchora kwa rangi ya magari tangu mwanzo: tabaka nyembamba, dakika 10 hadi 15 katikati, kisha verni mikono 2. Mchanganyiko wa kawaida ni verni 2 kwa kigumisho 1, lakini someni kopo, zipo za 4 kwa 1. Chini yake mastiki, ile ya kujazia mabonde ya bati, isuguliwe kwa msasa namba 80, ilainishwe kwa 180 au 240, ifuate apre, yaani rangi ya msingi, na apre isuguliwe kwa 400. Kazi hiyo ya chini waliifanya vizuri, siwaonei.

Lakini kupuliza verni jioni, msimu wa baridi, uani! Juni na Julai usiku wetu hushuka chini ya digrii 10. Kigumisho hakifanyi kazi, verni inabaki inanata hadi asubuhi, na vumbi jekundu linajilalia humo. Kazi hiyo ni ya saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ndani, sakafu imemwagiwa maji.

Nilipomwonyesha mkubwa wa garaji, hakuinama hata kuangalia. «Papa, rangi ni rangi. Basi ni ya kubeba watu, si ya kuangaliwa.» Katika mji huu, ambako mamba muntu alichorwa kwenye nguo za mifuko ya unga na kutundikwa sebuleni! Malori ya Pakistani yanachorwa hadi kwenye magurudumu. Kule Houston, Marekani, tangu 1988 watu wanajaa barabarani kutazama maandamano ya magari yaliyopambwa. Gari ni la kuangaliwa, bwana!

Na vipande vya vioo pembeni mwa madirisha wamevigandisha kwa silikoni yenye harufu ya siki. Asidi yake inakula bati mahali palipokwaruzika, na mafuta yake yakisambaa, verni inafanya vishimo vya duara. Vioo na vizibo vya chupa hugandishwa mwisho, verni ikishaiva, kwa silikoni isiyo na harufu hiyo au gundi ya poliuretani. Sugueni kidogo chini yake, muache siku nzima bila kutembeza gari. Msitoboe: tundu la riveti ndilo mlango wa kutu.

Nimesema msiende. Lakini mkono wa yule mchoraji siupati katika komini nyingine, si Katuba wala Ruashi. Basi nendeni, mumlipe yeye peke yake, gari mkalipulizie verni kwingine. Tena hapana, hata hivyo sitaki garaji ile ipate faranga hata moja, maana waliniomba pesa ya verni ya pili kabla ya kukwangua ile ya kwanza! Mchoraji amekubali kuja nyumbani. Uso utasuguliwa mpaka kwenye apre na kuchorwa upya kwa rangi ya magari. Mkia hauguswi.

Mchoraji: nyota 5. Garaji: hata moja siwapi.