Miezi kumi ya fiziotherapia ya goti: uzoefu wangu kama mwongozaji wa Kilimanjaro

Nimeongoza wageni Mlima Kilimanjaro kwa miaka kumi na miwili, na goti langu la kushoto liliumia nikiwa nashuka, si nikipanda. Chini kidogo ya kambi ya Barafu mguu ulinasa kati ya mawe mawili, mwili ukageuka, goti likabaki lilipo na kutoa mlio mfupi kama wa kijiti kikavu. Nilipofika Mweka lilikuwa limevimba hata suruali ikakataa kupita. Kipimo cha MRI kilionyesha kwamba kano ya ACL, ile inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, ilikuwa imekatika, na mwishoni mwa Oktoba 2023 daktari wa mifupa aliitengeneza upya kwa kano iliyochukuliwa nyuma ya paja langu mwenyewe. Kuhusu upasuaji sina la kusimulia, kwa kuwa nilikuwa usingizini. Ninachotaka kueleza ni huduma ya fiziotherapia niliyopata baadaye katika kituo kidogo hapa Moshi, maana wenzangu wengi huniuliza kama fedha niliyotoa ilikuwa na maana.

Mtaalamu aliyenipokea, dada ambaye kwa umri ni mdogo kwangu, hakuanza na goti. Aliniuliza kama choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, kitanda kina kimo gani, na ngazi za mlangoni ni ngapi. Kisha akapima mapaja yangu yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, akaandika kwamba la kushoto limepungua sentimita 4. Wiki mbili za kwanza hakujali sana kukunja. Alitaka goti linyooke kabisa, kwa sababu goti lililozoea kukaa limepinda kidogo humfanya mtu achechemee muda mrefu, na kulinyoosha baadaye ni kazi kubwa zaidi. Kwa hiyo nililala chali, kisigino kikiwa juu ya taulo lililokunjwa, nikibana misuli ya paja na kusukuma goti kuelekea godoro, mara nyingi kwa siku, hadi mke wangu akawa ananihesabia bila kuombwa.

Jambo lililonifanya niithamini huduma hii lilitokea mwishoni mwa Januari. Magongo nilikuwa nimeyaacha, maumivu hayakuwapo, na kampuni ilinipigia simu kwamba kuna kundi la wageni wanane. Nilikwenda kituoni kuomba ruhusa, ingawa kwa kweli nilikuwa nimekwisha kukubali. Alinisimamisha kwenye ngazi ya sentimita 20 mbele ya kioo, mguu mbovu juu, akaniambia niteremshe mguu mzima polepole hadi kisigino kiguse sakafu. Nikaliona mwenyewe: goti lilitetemeka, likalalia ndani, na nyonga ikadondoka upande mmoja.

“Kaka, kupanda utapanda,” alisema. “Nani atakushusha?”

Alinifafanulia kwamba kano iliyopandikizwa hujengwa upya taratibu ndani ya goti, na kwamba maumivu huisha mapema kuliko udhaifu wake. Tena, wakati wa kushuka msuli wa mbele ya paja hufanya kazi huku ukirefuka, ukizuia uzito wa mwili kila hatua. Na siku ya kutoka Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka ni mteremko wa takribani mita 2,800 kwa siku moja, sehemu kubwa ikiwa ni changarawe inayoteleza. Nilimpigia bosi kukataa. Mshahara na bahshishi za msimu huo vilinipita, na sitasema kwamba haikuniuma.

Malalamiko yangu yapo. Mashine ya umeme ya kutuliza maumivu niliendelea kuwekewa kwa wiki kadhaa, kila mara kwa shilingi 10,000 za ziada, hadi nilipouliza ina kazi gani sasa ambapo siumwi, ndipo ikaondolewa. Mwezi wa tano nilibadilishiwa mtaalamu bila kuambiwa, naye, kwa kuwa hakusoma faili, alinirudisha kwenye mazoezi ya wiki ya sita. Vyuma vizito pia havipo. Nilimaliza kwa kubeba begi langu la mlimani lililojaa chupa za maji. Kile kifaa cha kushikilia goti chenye bawaba pembeni, nilichonunua dukani kwa hiari yangu, kilinipa moyo zaidi kuliko nguvu.

Nililipa shilingi 25,000 kwa kila kikao, mara mbili kwa wiki miezi mitatu ya kwanza, kisha kwa kupungua, jumla kama milioni moja na laki moja kutoka mfukoni. Ruhusa ilitolewa Agosti, baada ya miezi tisa kupita na mguu wa kushoto kufikia angalau asilimia 90 ya uwezo wa kulia: niliruka kwa mguu mmoja sentimita 148 upande wa kulia na 139 wa kushoto. Nilianza na njia ya Marangu hadi kambi ya Mandara na kurudi siku hiyohiyo kwa fimbo mbili, baadaye kambi ya juu zaidi ya Horombo, na Septemba nikafika Uhuru. Baada ya Horombo goti lilivimba jioni, lakini nilikuwa na kanuni ya kufuata: uvimbe ukiwa umeisha asubuhi, endelea, ukibaki, rudi hatua moja nyuma.

Kuchuchumaa hadi mwisho bado siwezi, na katika vyoo vya kambini hilo hunisumbua kuliko mteremko wa Mweka. Atakayekwenda kituoni hapo aombe zamu ya asubuhi, kwa kuwa kitanda ni kimoja na mchana foleni hufika barazani.