Vidani vya kianiti katika duka la sonara, Mji wa Lamu

Anayetafuta kito cha samawati katika Mji wa Lamu atafanya vyema kuingia katika duka dogo la sonara lililoko kwenye njia kuu, kwa sababu mwenye duka humweleza mteja, hata kabla ya kuulizwa, kwamba jiwe lililomo kwenye kidani ni kianiti wala si yakuti. Naithamini sana kauli hiyo, kwani rangi za mawe hayo mawili hukaribiana kiasi cha kumkanganya hata mtu aliyezoea vito.

Kianiti ni madini ya alumini, silikoni na oksijeni, na fuwele zake huwa ndefu na bapa. Nilipokitazama kwa kioo cha kukuzia kidani nilichokichagua, niliona michirizi myembamba ikifuata urefu wa jiwe, na samawati iliyokoza katikati ikipauka kuelekea kingoni; kito bandia cha kioo kilichotiwa rangi hakiwi hivyo, na mara nyingi huwa na vipovu vya hewa ndani. Jaribio lililonivutia zaidi fundi alilifanya kwa kipande kisichochongwa. Alipokikwaruza kwa ncha ya kisu kwa kufuata urefu, alama ilibaki. Alipokwaruza kwa kukata upana, ncha iliteleza bila kuacha kitu. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ugumu wa kianiti ni takribani 4.5 hadi 5 kwa urefu na 6.5 hadi 7 kwa upana, ilhali yakuti, yenye ugumu wa 9, haikwaruziki kwa kisu upande wowote. Jaribio hilo lisifanywe kamwe juu ya kito kilichokwisha kuchongwa.

Pete zake sizipendekezi. Kianiti hupasuka kwa urahisi kwa kufuata tabaka zake, na mkono wenye pete hugonga komeo la mlango, ndoo na ukingo wa mashua kila siku. Isitoshe, pete hizo zimeshikwa kwa kucha nne nyembamba zinazoacha kingo za jiwe wazi. Vidani na vipuli, kinyume chake, vimezungushiwa ukingo kamili wa fedha, na kazi yake ni safi mno: fundi huunganisha fedha kwa moto kwanza, kisha hulipachika jiwe mwisho ili lisishtuliwe na joto, na maungio hayaonekani.

Viwandani, hata hivyo, kianiti hutafutwa kwa sababu ya moto wenyewe. Kikichomwa kwa joto kali sana huvimba na kugeuka mulaiti, madini ambayo hustahimili joto la tanuu, ndiyo maana huingia katika matofali ya tanuu na kauri ya plagi za injini. Kianiti cha Murka, katika Taita-Taveta, kilichimbwa kwa matumizi ya viwanda, si kwa mapambo.

Dosari moja ya duka ni risiti, ambayo huandikwa “kidani cha fedha” tu, bila kutaja jiwe wala chimbuko lake. Mteja asiondoke kabla jina la kianiti halijaandikwa, maana siku ya kukiuza au kukirithisha kidani hicho karatasi hiyo itahitajika. Nyumbani kioshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini. Mashine za kusafishia vito kwa mtetemo zinaweza kulipasua jiwe.