Kramponi za kununua kwa msafiri wa begi moja: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Msafiri anayezunguka Iceland, Norwe, Argentina au Nyuzilandi na begi moja la mgongoni huwa na jozi moja tu ya mabuti, na hayohayo ndiyo atakayopandia barafuto, yaani mto wa barafu unaoshuka mlimani. Ndiyo maana kramponi, yale mabamba ya chuma yenye meno yanayofungwa chini ya buti, huchaguliwa kwa kuanzia na buti, kabla ya bei na kabla ya chapa. Shika buti lako mbele na nyuma, ulikunje. Likikunjika kirahisi kama kandambili, hakuna kramponi ya kweli itakayotulia juu yake: kila hatua soli itapinda, chuma kitabaki kimenyooka, na baada ya muda kramponi itachomoka au upau wake wa kati, unaounganisha sehemu ya mbele na ya nyuma, utavunjika kwa kuchoka.

Waongozaji hutumia daraja za B0 hadi B3 kwa mabuti na C1 hadi C3 kwa kramponi; namba ikipanda, ugumu nao hupanda. B0 ni buti laini, lisilofaa kramponi. B1, yaani buti gumu kiasi la kutembelea milimani, huvaa C1 peke yake. B2 huvaa C1 na C2, na B3 huvaa zote. Wasafiri wengi wa begi wana B0 au B1, na jambo hilo peke yake huondoa kramponi nyingi zilizopo dukani.

Kama safari yako ina siku moja tu ya barafuto, usinunue. Kwenye Sólheimajökull kule Iceland na Perito Moreno kule Argentina, matembezi ya kuongozwa huja na kramponi ndani ya malipo, na mwongozaji huzifunga au kuzikagua mwenyewe. Wewe unatakiwa kuwa na buti linalofunika kifundo cha mguu. Huku kwetu nako, anayepanda kilele cha Margherita (mita 5,109) kwenye milima ya Rwenzori huvuka barafuto ya Stanley kwa kramponi na kamba, na vifaa hivyo hukodishwa na wanaoendesha safari. Njia za kawaida za Kilimanjaro hazikanyagi barafuto, kwa hiyo usizibebe huko. Orodha ifuatayo ni ya mwenye siku nyingi za barafu mbele yake.

1. Chuma cha pua, meno 10, za mikanda (C1)

Hizi ndizo tunazoweka juu bila kusita. Grivel G10 na Black Diamond Contact ni mifano mizuri: meno mawili ya mbele, manane ya chini, kikombe cha plastiki mbele na kingine nyuma, na mkanda unaopita katikati. Hazihitaji mfereji wowote kwenye soli, kwa hiyo zinaingia kwenye buti la B1 na hata buti la kukodi. Jozi ina uzito wa gramu 750 hadi 900 hivi, na chuma chake huvumilia mawe. Sehemu ya chini ya barafuto wakati wa kiangazi ni barafu tupu iliyochanganyika na kokoto, na hapo ndipo msafiri hutembea zaidi. Chagua upau unaopinda kidogo, kwani ulio mgumu kabisa ni wa mabuti magumu. Mwenye mguu mkubwa aulizie upau mrefu, maana ule wa kawaida humwishia.

2. Chuma cha pua, meno 12, za klipu ya kisigino (C2)

Petzl Vasak ni ya kundi hili. Jozi ya pili ya meno imeelekezwa mbele, hivyo inashika vizuri pale mteremko unapokuwa mkali. Klipu hukaza kuliko mkanda na hufungwa haraka hata ukiwa na glavu. Lakini inadai buti la B2 lenye ukingo wa kisigino, na kwenye barafu ya kutembea tu meno ya ziada hukuongezea nafasi ya kunasa suruali. Nunua hizi kama umeshaamua kupanda vilele.

3. Alumini

Petzl Leopard haifiki gramu 400 kwa jozi, na kwa mbeba begi hicho ni kishawishi kikubwa. Alumini ni ya theluji. Kwenye barafu ngumu yenye mawe, meno hubutuka na kupinda mapema, na jino butu huteleza pale unapolitegemea.

4. Minyororo ya mpira yenye vijino

Inafaa njia iliyoganda kutoka maegesho hadi ukingoni mwa barafuto. Vijino vyake ni vya sentimita moja hivi, na ukikanyaga mteremko kwa ubavu mpira husogea, buti likabaki bila meno chini yake. Madukani mtandaoni huuzwa kwa jina la kramponi, zikisifiwa kuwa na meno 18 au 24. Wingi huo usikuvute. Tafuta alama ya EN 893, kiwango cha Ulaya cha kramponi, kwenye chuma, isipokuwepo, acha.

Nenda dukani na buti lako. Rekebisha upau, bana kramponi bila kufunga mkanda, kisha inua buti: kramponi inayokaa sawa haianguki. Meno ya mbele yachomoze sentimita mbili hivi kupita ncha ya buti, na bizimu ikae upande wa nje wa mguu, maana ikiwa ndani hunaswa na mguu wa pili. Funga na ufungue ukiwa umevaa glavu. Mkanda ukishakaa, kata unaoning'inia lakini bakiza kama sentimita 10 za kushika.

Hakikisha chini kuna bamba la plastiki au mpira la kuzuia theluji kugandamana. Theluji mbichi ya mchana hujazana kati ya meno hadi unasimama juu ya donge, na ajali nyingi za kuteleza huanzia hapo. Za mtumba zisizo na bamba hilo tusingezichukua. Za mtumba nyingine, kagua nyufa kuzunguka matundu ya upau.

Meno hunolewa kwa tupa ya mkono, kwenye kingo nyembamba. Mashine ya kunolea hupasha chuma moto na kuua ugumu wake.

Kramponi hukupa mshiko wa miguu tu. Juu zaidi, theluji inapofunika nyufa, unahitaji kamba, hanesi (mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba) na mwongozaji. Na uwanja wa ndege, ziweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, zikiwa ndani ya mfuko mgumu, la sivyo zitatoboa kila kilicho karibu nazo.