Bunduki ya kwanza ya kuwinda bata: Baikal MP-18 ya kalibre 20, na zile za kuacha ukutani

Hapa Lubumbashi kijana anayeanza kuwinda bata hupewa kile kilichopo nyumbani. Mara nyingi ni kalibre 12 ya babu, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, kazi ya Liège ya wakati wa Wabelgiji, yenye kitako cha mtu mzima. Au ni 12 ya mtutu mmoja, nyepesi, inayosifiwa kwamba inapiga mbali. Matokeo yanafanana: baada ya risasi kumi bega linauma, na kuanzia ya kumi na moja kijana anafumba macho kabla ya mlio. Tabia hiyo ikishamwingia, kuitoa kunachukua msimu mzima, na bata wanapita salama.

Tatizo ni teke. Bunduki nyepesi inapiga bega kwa nguvu zaidi kuliko nzito ikitumia risasi ileile. Kalibre 12 ya kilo 2.8 yenye risasi ya gramu 36 hupiga bega karibu mara mbili ya kalibre 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi, ya kilo 2.6 yenye risasi ya gramu 24. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni uzito wa bunduki na gramu za chembe, vile vipira vidogo vilivyo ndani ya risasi, zitakazotumika. Kupiga mbali kuje baadaye. Wengine huona wamsaidie mtoto kwa kumpa kalibre 410, kwa kuwa ni ndogo. Teke lake ni dogo kweli, lakini chembe zake ni chache, mduara wake ni mwembamba, na bata anaumia bila kuanguka. Hiyo ni bunduki ya fundi aliyekomaa.

Kwa pesa ya kawaida tunapendekeza Baikal MP-18 ya kalibre 20, ile ya Urusi ya mtutu mmoja. Ina uzito wa kilo 2.6 hadi 2.8 hivi kulingana na urefu wa mtutu. Inavunjika katikati kwa kubonyeza wenzo ulio nyuma ya kifyatulio, na ukiifungua inajikoki yenyewe ndani. Kuna kitufe cha usalama. Haina uzuri: mbao yake ni ngumu na ya kawaida, kifyatulio ni kizito, na ikiwa mpya inakaza sana kufungua hadi unafikiri imeharibika. Baada ya risasi mia hivi inalegea. Faida yake kubwa kwa anayeanza ni kwamba mzee aliyesimama mita 10 anaona kama iko wazi au imefungwa. Bunduki iliyovunjika mkononi haihitaji maelezo. Na kwa kuwa risasi ni moja tu, kijana anajifunza kungoja bata afike badala ya kumwaga tatu angani.

Kasoro ya MP-18 ni kitako, ambacho kimepimwa kwa mtu mzima. Kipimo cha kijana ni rahisi: akunje mkono pembe mraba, kitako kikae kwenye kikunjo cha kiwiko, kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio kwa pingili yake ya kwanza bila kujinyoosha. Kwa vijana wengi inakuwa sentimita 31 hadi 33, wakati bunduki ya dukani ina 36 hivi. Kikiwa kirefu kinanasa chini ya kwapa, mtutu unainuka umechelewa na risasi inapita nyuma ya bata. Kikiwa kifupi mno, dole gumba linagonga pua.

Kukikata si dhambi. Seremala yeyote mzuri wa Katuba anaweza, mradi aelekezwe. Kwanza itolewe sahani ya nyuma, aangalie tundu la skrubu ndefu inayoshika kitako, ajue linafika wapi. Azungushie gundi-karatasi mahali pa kukata ili mbao isichanike. Akate sentimita moja, bunduki ijaribiwe, ndipo akate nyingine, akifuata mwinamo uleule wa kitako cha kiwandani. Kosa la kawaida ni kukata mraba: kitako kinagusa bega kwa ncha ya chini tu na teke linapanda shavuni. Kipande kilichokatwa kitunzwe, kwani kijana atakua, na kitarudishwa kwa skrubu mbili. Mwisho iwekwe raba ya nyuma ya sentimita 2, nayo ihesabiwe ndani ya kipimo.

Kabla ya yote hayo apimwe jicho. Anyooshe dole gumba kwenye kitu cha mbali macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi peke yake kidole hakihami, ndilo linaloongoza. Kijana wa mkono wa kulia mwenye jicho la kushoto linaloongoza atakosa kila siku hata umnunulie bunduki ya dhahabu. Ama ajifunze kupiga bega la kushoto, ama afumbe jicho la kushoto.

Mwenye pesa zaidi aangalie Mossberg 500 ya kalibre 20 katika umbo la vijana, ile Youth Super Bantam. Hii ni ya kupampu, ina mtutu wa sentimita 56, na kitako chake kina vipande vya kuongeza kadiri mtu anavyokua, kwa hiyo seremala hahitajiki. Kitufe cha usalama kiko juu mgongoni, dole gumba la mkono wowote linakifikia, na mdomo wa mtutu unabadilishwa choki, kile kipande kinachoubana ili chembe zisitawanyike mapema. Lakini ni nyepesi, kilo 2.4 hivi, basi anze na gramu 24 tu. Kasoro yake inatoka kwa mpigaji: akishtuka anavuta pampu nusu, ganda tupu linabaki, risasi mpya haipandi. Afanye mazoezi nyumbani kwa risasi za plastiki zisizo na baruti mpaka avute hadi mwisho bila kufikiri. Na katika miezi ya kwanza apewe risasi moja moja. Zile za kujipakia zenyewe kwa gesi zina teke laini kuliko zote, lakini zina vipande vingi vya kusafisha na zinakasirikia risasi dhaifu. Hazifai kuwa za kwanza.

Turudi kwa ile ya babu. Fungua, utoe mitutu, uangalie tumboni mwake karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni alama ya jumba la majaribio la Liège, maana yake ilipimwa. Sasa tafuta urefu wa chemba. Nyingi za zamani ni milimita 65, na risasi za siku hizi ni 70. Zinaingia bila shida, ndiyo hatari yenyewe: ganda likifunguka halina nafasi, shinikizo linapanda, na mbao au bawaba hupasuka siku moja. Kama mtutu una mawimbi kama ya mbao, ule ni wa vipande vya chuma vilivyosokotwa, uliotengenezwa kwa baruti nyeusi. Wa kuning'iniza ukutani, kwa heshima yake. Gobori la kienyeji lisilo na alama yoyote tusilijadili.

Mahali penye 12 na 20 nyumba moja, risasi zisikae mfuko mmoja hata dakika. Risasi ya 20 ikitumbukia kwenye mtutu wa 12 inateleza na kukwama mbele ya chemba, haionekani. Mtu anadhani ni tupu, anaweka ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo maana viwanda hufanya maganda ya 20 kuwa ya njano.

Kuhusu chembe: kwa namba za Kifaransa zinazouzwa kwetu, namba 5 ni milimita 3, na gramu 28 zake ni chembe 178 hivi. Inatosha kwa wale bata wadogo wenye uso mweupe wanaopiga mluzi jioni. Bata mkubwa mwenye nundu mdomoni anataka namba 4, na yule mwenye mwiba wa bawa, anayefika kilo 6, aachiwe wakubwa. Chembe za madini ya risasi (plomb) zinazozama ziwani huliwa na bata kama changarawe na kuwaua kwa sumu. Marekani ilizikataza kwa ndege wa majini tangu 1991, Umoja wa Ulaya kwenye maeneo ya majimaji tangu 2023. Ukipata za chuma, chukua chembe kubwa zaidi kwa namba mbili, yaani 3 badala ya 5, na usizipitishe kwenye choki kamili. Nusu inatosha, robo ni nzuri.

Usiamini maandishi ya boksi. Tundika karatasi ya mita moja kwa moja, piga kutoka mita 30, chora mduara wa sentimita 75 mahali chembe ziliposongamana, hesabu. Kwa namba 5 tunataka mia na kitu, bila pengo ambalo kiganja kinaweza kukaa. Kama ni 70, mwambie kijana mpaka wake ni mita 25, na mwekee kijiti kwenye matete kinachoonyesha mita hizo. Kwa macho tu watu wote hukosea umbali juu ya maji.

Karatasi nazo: kibali cha kumiliki silaha ni kimoja, kibali cha kuwinda chini ya sheria ya 28 Mei 1982 ni kingine, na namba iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya karatasi tarakimu kwa tarakimu. Muulize anayetoa kibali cha silaha kama anakubali ya kupampu kabla ya kulipa. Ndani ya Hifadhi ya Upemba hakuna kuwinda kabisa, na bonde la Lufira, upande wa ziwa Tshangalele, ni hifadhi ya viumbe tangu 1982. Uliza mipaka kwanza.

Kwenye kinamasi adui ni tope. Kijana anajikwaa, mdomo wa mtutu unagusa chini, kizibo cha udongo kama kidole kinaingia. Ukipiga hivyo chuma kinafunguka kama ua. Kila akianguka, hata kidogo, avunje bunduki, atoe risasi, achungulie mwanga kutokea nyuma. Kwa hili MP-18 inawashinda wote: ni sekunde tatu. Jioni, hasa kuanzia Novemba mvua zikianza, ipanguswe kabla ya kula, mafuta kidogo tu, na isilale ndani ya mfuko wa kitambaa, kwa sababu kitambaa kinashika unyevu na asubuhi kutu imeshaandika jina lake.