Akaunti ya vijana: nyota 3, na ile "kuanzia miaka 13" msiiamini haraka

Nyota 3 kati ya 5, na ningewapa 4 kama mtu wa kaunta pale benki angeniuliza swali moja tu mwanzoni, huyu mtoto umemzaa wewe au unamlea? Maana bango lao linasema kuanzia miaka 13 kijana anafungua akaunti, kadi anapata, apu anapata. Mtoto wa kaka yangu ana 15, anaishi kwangu, ada nalipa mimi, bas nikajua tumemaliza. Tumekaa foleni saa nzima, fomu kurasa nne, kijana kafanyia mazoezi sahihi yake nyuma ya risiti mpaka karatasi ikajaa, afu ndo dada wa kaunta anachukua cheti cha kuzaliwa anakiangaliaa... "Mama, mbona jina lako silioni hapa?" Nikamwambia mi sio mama, ni shangazi. "Ndo tatizo lenyewe hilo."

Yani ile 13 ni umri wa jina lako kuandikwa kwenye akaunti, sio umri wa kwenda kufungua peke yako. Chini ya 18 sehemu nyingi sheria haimbani mtoto kwenye mkataba, anaweza kuukana na benki isimfanye kitu, ndo maana wanataka mtu mzima asaini nae. Na sio mtu mzima yeyote, ni mzazi aliyeandikwa kwenye cheti au mlezi mwenye karatasi za mahakama, kwamba unamlisha na kumsomesha hilo benki haliwahusu. Sema inategemea na nchi, Scotland kwa mfano tangu 1991 sheria inamruhusu wa miaka 16 kuingia mkataba mwenyewe, kwahiyo umri wa nchi nyingine usije nao kaunta kubishana.

Tukarudi na baba yake, dakika ishirini imeisha. Apu yenyewe iko poa sijui niseme nini, hakuna kutoa zaidi ya salio, likiisha limeisha, na kuna kikomo cha kutoa kwa siku ambacho baba anapanga mwenyewe. Kila kadi ikiguswa baba anapata meseji. Siku ya kwanza kijana kanunua hedifoni, kabla hajatoka dukani simu inaita, "hizo za nini?" Nimecheka sana ila yeye hakucheka.

Kilichoniudhi kuliko ile foleni ni hiki. Nikauliza, hii ni akaunti ya pamoja au ya mtoto inayosimamiwa na mzazi? Dada akaita meneja. Jamani hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa! Ya pamoja wote wawili ndo wenye hela, baba akiamua kuzitoa zote leo anatoa na hamuulizi mtu. Ya kusimamiwa hela ni za mtoto, mzazi anazishika tu mpaka umri ufike. Meneja akasema hii ni ya pamoja, kwa sauti ya chini kidogo. Kwenye bango hakuna hilo neno. Kaka yangu sina shida nae, ila kuna watoto hapa wanaweka hela za vibarua vya likizo na hawajui wanamwekea nani.

Mkienda bebeni cheti cha kuzaliwa orijino, kopi waliikataa kwa jirani yetu wa foleni, na kitambulisho cha mzazi. Pigeni simu kwanza muulize nani anasaini, msiulize umri.

Akifika 18 wanasema haibadiliki yenyewe, lazima aje na kitambulisho chake asaini upya, la sivyo wanaifunga kwa muda. Sahihi yenyewe ishabadilika mara mbili tangu tufungue. Hiyo nyota ya 4 ntairudisha siku hiyo, kama hawatatuzungusha.