Gesti safi pale Moshi, lakini mwenyewe hafungi mbwa: nyota mbili

Nimelala gesti hii mara saba tangu mwaka jana, kwa hiyo ninayoyaandika si ya kusimuliwa. Mimi ni mfanyabiashara wa nazi. Nachukua mzigo Pangani, naupandisha hadi soko la Mbuyuni, Moshi, na narudi Tanga na maharage na ndizi. Kila safari nalala usiku mmoja, na mzigo ukichelewa kuisha, miwili. Gesti siitaji jina. Iko mwendo wa dakika kumi kutoka stendi, chumba elfu ishirini, choo na bafu ndani.

Nianze na haki yao. Shuka zinafuliwa na kupigwa pasi. Chandarua nilikikagua kwa tochi ya simu siku ya kwanza, sikuona tundu hata moja. Maji ya moto yapo kweli, na kwa mtu wa pwani aliyefika Moshi mwezi wa saba hilo si jambo dogo. Asubuhi wanakupa chai ya maziwa yenye tangawizi ya kutosha na chapati mbili za moto. Dada wa usafi aliponiona na baibui alinitafutia mkeka na kunionyesha kibla kabla sijauliza. Kwa chumba na kwa huyo dada ningetoa nyota zote tano.

Nyota tatu amezipoteza mwenye gesti kwa sababu ya mbwa wake.

Mbwa ni dume, rangi ya kahawia, kifua cheupe, anaitwa Simba. Banda lake liko nyuma ya jiko, la mbao na bati, lina mlango na komeo. Mnyororo umetundikwa kwenye msumari pembeni, umeshika kutu. Yaani vitu vyote anavyo, hakosi kitu cha kununua. Ila katika safari saba sijamkuta mbwa yule bandani hata mara moja. Mchana analala nje ya geti katikati ya njia, na ubao wa "Mbwa Mkali" uko juu ya kichwa chake. Watoto wa shule wanamkwepa kwa kupita juu ya ukingo wa mtaro upande wa pili, mmoja mmoja, mikoba kifuani. Nilimwona binti wa kama darasa la tatu ameweka mawe kwenye mfuko wa sketi mpaka sketi imelalia upande mmoja, na jiwe jingine kalifumbata mkononi. Mtoto anakwenda kusoma na mawe!

Nilimwambia mwenyewe mapema, kwa adabu.

"Mangi, mbwa wako yuko wazi, na mimi natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi."

"Mama Tanga, hana neno huyo. Tangu nimlee hajang'ata mtu. Wazungu wa mlimani wanamshika mpaka kichwani."

Safari iliyofuata nikamkumbusha. Akacheka, akasema sisi watu wa pwani tunaogopa mbwa bure.

Hilo la pwani nalijibu hapa kwa sababu najua wengi wanalisikia. Ni kweli mimi ni Muislamu, na kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito. Nguo iliyoguswa unaiosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hiyo ni ibada yangu, na kuosha ni kazi yangu, sikumwomba mtu anisaidie. Nilichomwomba ni asukume komeo jioni. Aliyelala chumba cha pili alikuwa Mkristo wa Singida, naye alikuwa akichungulia dirishani kwanza kabla ya kutoka.

Safari ya saba nilitoka saa kumi na moja kasoro dakika kumi, begi mgongoni, kikapu mkono wa kulia. Mlinzi alikuwa anahangaika na kufuli la geti. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua ishirini. Nilipofika usawa wa gari la mwenye gesti sikusikia kubweka wala kunguruma, nilisikia baibui limevutwa nyuma, kisha meno kwenye shavu la mguu wa kushoto. Mlinzi alipiga bati la geti kwa rungu, mbwa akaachia, akatokea palepale kwenye uwazi wa geti akaenda zake mtaani. Taa ya uani ilitosha kuona: matundu manne, mawili juu na mawili chini, ya chini yanatoa damu.

Jambo la kwanza nililofanya nawaomba mlishike, kwa sababu watu wengi hawalijui. Nilikwenda bombani nikafungua maji yakatiririka juu ya kidonda, nikaosha kwa sabuni ya mche dakika kumi na tano kamili. Mlinzi ndiye aliyekuwa ananihesabia kwenye simu. Mtu mmoja alitoka akasema nipake pilipili na chumvi, mwingine akataja mafuta ya taa. Nilikataa. Maji na sabuni ndiyo yanayopunguza virusi vya kichaa cha mbwa palepale kwenye kidonda, hayo mengine yanaongeza kidonda juu ya kidonda. Udongo pia sikuuweka mguuni. Ule niliuwekea baibui, nikalifua Tanga mara saba zake.

Nilijua la kufanya kwa sababu ya kitu nilichokiona Muheza nikiwa na miaka tisa. Jirani yetu, kijana mkata machungwa, aling'atwa na mbwa wa kupita, kidonda kikapona, watu wakasahau. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuumwa. Aliomba maji kwa kiu kali, akaletewa kikombe cha bati, na kilipokaribia mdomo koo lake likajikaza, mwili mzima ukaruka, kikombe kikadondoka. Akaomba tena. Kikaletwa tena, ikawa vilevile. Mama alinishika mkono akaniondoa. Tulimzika wiki hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, ndiyo maana chanjo inabidi ichomwe kabla. Sasa mtu akiniambia "hana neno huyo", mimi namuona kijana yule na kikombe chake.

Mwenye gesti alitoka na sweta, akaniuliza kwanza nilimfanya nini mbwa. Sikumjibu. Nikamuuliza amechanjwa lini. Akasema amechanjwa, cheti kiko kabatini. Nilisubiri. Kilicholetwa kilikuwa kadi ya mbwa mwingine, aliyekufa zamani, jina tofauti, rangi tofauti. Hapo ndipo nilipovunjika moyo kabisa. Kung'ata, mbwa anaweza kung'ata siku yoyote, ni mnyama. Lakini kuniletea kadi ya mbwa mfu, na mimi nasimama pale natoka damu, huo ulikuwa uamuzi wa mtu mzima.

Basi la alfajiri likaniacha. Nilipita polisi nikachukua PF3, fomu ya majeruhi ya kupeleka hospitali, nikaenda hospitali ya mkoa. Nikachomwa sindano ya pepopunda na dozi ya kwanza ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nikaandikiwa ratiba: siku ya 0, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Dozi moja nililipia elfu thelathini. Daktari akanieleza jambo la muhimu: mbwa asiuawe wala asipotee, afungwe na aangaliwe siku kumi. Akivuka siku hizo akiwa mzima, basi siku aliponing'ata mate yake hayakuwa na virusi. Akifa au akibadilika tabia, nimalize dozi zote bila kukosa.

Mbwa anayezurura utamwangaliaje siku kumi? Nilikwenda kwa mtendaji wa mtaa nikiwa nachechemea, naye akampigia afisa mifugo wa kata. Hawa wawili nawashukuru kwa moyo wote. Afisa mifugo alifika mchana uleule kwa pikipiki, akamtajia mwenye gesti Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, akasimama mpaka mbwa alipokamatwa na kuingizwa bandani. Komeo lilisukumwa kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu, na halikuchukua hata sekunde mbili.

Nilirudi Tanga siku iliyofuata. Aliyeniokoa na wasiwasi ni dada wa usafi. Kila jioni, kwa siku kumi, alinitumia picha ya mbwa: leo anakula, leo anakunywa maji, leo amesimama. Ile ya kunywa maji niliitazama muda mrefu sana. Siku ya kumi na moja daktari wa Tanga aliangalia picha, akaongea na afisa mifugo kwa simu, akaniruhusu nisimame kwenye dozi ya tatu. Alhamdulillahi.

Hesabu: chanjo elfu tisini, pepopunda na kufunga kidonda elfu kumi na mbili, na nazi mia moja na arobaini zilizobaki Mbuyuni niliziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu sikuweza kusimama sokoni. Mbele ya mtendaji mwenye gesti alikubali kulipa matibabu. Alitoa elfu sitini, iliyobaki akasema atatuma. Miezi minne sasa.

Kumchanja mbwa wake kungemgharimu kidogo sana kuliko hiyo sitini, na kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Upande wa mama yangu ni Wete, Pemba. Kule mbwa walichanjwa kisiwa kizima mpaka ugonjwa ukakatika. Ukaingia tena 2016, wakachanja tena, ukakatika tena. Watu wasiofuga mbwa kwa wingi wamewatunza mbwa vizuri kuliko tajiri mwenye gesti ya vyumba kumi na mbili.

Mwezi uliopita nililala kwingine, shuka si safi kama za pale na maji ni ya kuchemshiwa kwenye ndoo. Asubuhi nilipita mbele ya geti lile kwa makusudi nikaangalie. Mbwa alikuwa amelala njiani, mahali pake palepale. Nilimuuliza mlinzi kama amechanjwa. Akasema afisa mifugo alimchanja siku ile alipotolewa bandani, na mwenyewe alimwachia jioni yake.

Kwa hiyo nyota moja ni ya dada wa usafi na moja ni ya chumba. Nikikuta banda limefungwa na cheti cha mbwa huyu, chenye tarehe, kiko mezani mapokezi, nitarudi hapa niongeze, na nitarudi kulala. Anayelazimika kulala pale kabla ya hapo amwambie mlinzi usiku ampeleke mpaka barabarani alfajiri, na asitoke mlangoni mpaka amwone mlinzi amefika na rungu.