Tathmini ya Neutron ikiendeshwa na OVN: usanidi wa mitandao pepe katika wingu binafsi

Neutron ni sehemu ya OpenStack (programu huria ya kujengea wingu) inayoshughulikia mitandao. Iliitwa Quantum hadi mwaka 2013, na tangu hapo imeendeshwa na mitambo ya programu ya aina kadhaa. Tathmini hii inahusu Neutron inapoendeshwa na OVN (Open Virtual Network), mradi uliotangazwa mwaka 2015 na watengenezaji wa Open vSwitch, swichi ya programu. Kwa maoni yangu, huu ndio mfumo ambao kituo cha data kinachojenga wingu binafsi leo kinapaswa kuuchunguza kabla ya mingine yote. Ni kazi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa, ingawa matunda yake humfikia yule tu aliyeutayarisha vyema mtandao wa nyaya na swichi unaoubeba.

Upande wa mtumiaji unastahili sifa bila kusita. Mpangaji, yaani idara au mteja anayetumia wingu hilo, huunda mtandao wake, huupa sabneti (fungu la anwani), huuunganisha na ruta na kuwasha mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya seva) bila kumsubiri mtu aingie kwenye swichi, na wapangaji wengi wanaweza kutumia anwani zilezile za 10.0.0.0/24 kwa wakati mmoja bila kugongana. VLAN, njia ya kuigawa swichi katika mitandao iliyotengana, yenye namba ya biti 12, huishia kwenye mitandao 4094; Geneve, itifaki ya mahandaki inayotumiwa na OVN kufunga data ya mpangaji ndani ya pakiti za mtandao wa nyaya, ina namba ya biti 24, kwa hiyo ukomo huo hausumbui tena. Ninavyovipenda zaidi ni vikundi vya usalama, yaani kanuni za nani anaruhusiwa kuwasiliana na mashine. Kikundi cha msingi huzuia kila kinachoingia kutoka nje ya kikundi na kuruhusu wanachama kuwasiliana wao kwa wao. Isitoshe, kanuni inaweza kutaja kikundi kingine badala ya anwani, hivi kwamba hifadhidata inayopokea miunganisho ya kikundi cha seva za wavuti itaikubali pia seva ya wavuti itakayoongezwa kesho, bila mtu yeyote kugusa kanuni.

Usafirishaji wa pakiti baina ya sabneti mbili za ruta moja hufanyika kwenye seva ileile inayobeba mashine pepe, wala hakuna haja ya kuzungukia kwenye seva maalumu ya mtandao. DHCP, huduma ya kuzigawia mashine anwani, nayo hujibiwa papo hapo na OVN yenyewe. Mashine zisizo na anwani inayoelea (anwani ya nje iliyokabidhiwa mashine moja), hata hivyo, bado hutoka nje kupitia seva ya lango, na ni vyema kuteua zaidi ya moja ili nyingine ipokee kazi pale ya kwanza inapoanguka.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni ukubwa wa pakiti, yaani MTU. Kila pakiti inayopita handakini huongezewa vichwa vya baiti 58 katika OVN, kwa hiyo mtandao wa nyaya wenye kikomo cha 1500 humwachia mpangaji 1442. Neutron hupiga hesabu hiyo yenyewe na kuitangazia mashine pepe kupitia DHCP, na hapo nauona umakini wa waliouandika. Tatizo huanza pale mashine inapopuuza tangazo hilo, au inapobeba kontena ambazo mtandao wao wa ndani umebaki na 1500. Dalili zake hupotosha sana: pingi inajibu na ukurasa mdogo unafunguka, lakini SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, inakwama wakati wa kubadilishana funguo na faili kubwa haishuki. Dawa ninayoishauri ni kupandisha kikomo cha swichi zote hadi baiti 9000 kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia, kisha kumweleza Neutron kipimo hicho kipya. Anayechelewa atakuta kwamba mitandao iliyokwisha kuundwa hubaki na kipimo chake cha zamani hadi ibadilishwe mmojammoja.

Utafutaji wa hitilafu ndio udhaifu halisi. Katika mfumo wa Neutron uliotangulia OVN, msimamizi aliweza kuingia ndani ya nafasi ya mtandao iliyotengewa ruta husika kwenye seva na kupiga pingi kutoka humo. Katika OVN ruta ni mtiririko wa kanuni uliotawanywa kwenye seva zote, na hakuna mahali pa kuingia. Zana ya ovn-trace hufidia pengo hilo kwa kuonyesha hatua kwa hatua kanuni zinazoigusa pakiti na mahali inapotupwa, ila matokeo yake ni marefu na hayasomeki bila mazoezi. Hifadhidata mbili za OVN nazo ziwekwe kwenye seva tatu, kwa kuwa zikilemaa zote, pakiti za mashine zilizopo huendelea kupita lakini hakuna badiliko lolote litakalotekelezwa.

Timu yenye seva chache na mpangaji mmoja haihitaji mzigo huu wote. VLAN zilizopangwa vizuri zitaitosha. Palipo na idara nyingi zinazohitaji kujiundia mitandao kila siku, na mtu mmoja angalau anayezielewa swichi na Linux kwa pamoja, naupendekeza mfumo huu kwa moyo mkunjufu.